Paa la Damari

Jumapili, 6 Oktoba 1974

Daftari hili lilibaki kwenye darasa la kisomo cha watu wazima. Wanafunzi wangu wote wamekimbilia kutafuta chakula, kwa hiyo nimelichukua mimi. Jina langu ni Yunisi, mke wa mwinjilisti Isaka, na hapa Msingiri, kijiji hiki kipya tulichohamishiwa baada ya mavuno, wananiita Mama Mwinjilisti. Wanawake wenzangu wanaitwa kwa majina ya watoto wao. Mimi naitwa kwa kazi ya mume wangu.

Leo Isaka amehubiri juu ya kumkaribisha mgeni. Amehubiri vizuri mpaka Mzee Andrea, mkubwa wa wazee wa kanisa, ambaye kwa kawaida husinzia mapema, alikuwa macho. Watu wakaitikia amina. Kisha tukatoka, tukapita wote mbele ya banda la mashine ya kusaga. Mashine yenyewe haijafika, ni nguzo na mabati tu, na chini yake amekuwa akilala binti mmoja na mtoto wake tangu mwezi uliopita. Tukampita. Na mimi nilimpita, nimekumbatia kitabu changu cha nyimbo, nikiongea na jirani yangu Mama Mathayo habari za unga wa njano wa msaada, kwamba hata ukiusonga kwa sala haushikani.

Nyumbani Isaka hakukaa kula. Alisimama mlangoni akasema, "Yunisi, hivi leo nimehubiri au nimepiga kelele?"

Nikamwambia ugali unapoa. Akatoka, na aliporudi alikuwa amebeba mkeka wa watu, na nyuma yake yule binti na mtoto mgongoni.

Jumatatu, 7 Oktoba

Anaitwa Damari. Ametoka upande wa Mkalama. Mume wake alikwenda Itigi kutafuta kazi ya reli kabla ya operesheni ya kuhamia vijijini, na tangu hapo hakuna habari. Siku ya kuhama, lori liliwashusha ukweni kwake kijiji kingine. Baba mkwe akamwambia, "Mwanangu mwenyewe sijui aliko. Wewe nitakuweka kama nani?" Akatembea mpaka hapa akimtafuta shangazi yake, akakuta shangazi amezikwa mwaka jana. Na kiwanja hakupewa, kwa kuwa viwanja wanapewa wenye kaya, naye hana mume wa kusimama mbele ya kamati.

Aliyasimulia hayo akichambua mlenda, hakulia. Mimi ndiye niliyesingizia moshi.

Mtoto wake ni msichana, Lea. Ana meno mawili ya chini, na anamtazama mtu kama hakimu.

Jumatano, 9 Oktoba

Lea ameshika kidole changu akakataa kukiachia. Nilichota maji kwa mkono mmoja.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama Mathayo alipita uani akaniuliza kama siku ya tatu nimempa mgeni jembe, kama wasemavyo watu. Nikamwambia nimempa mwiko, na anapika kuliko wewe. Akacheka. Mama Mathayo ni mtu mwema, ila neno halilali kinywani mwake. Ukimpa siri asubuhi, jioni unaikuta kisimani.

Baada ya ibada wazee wamekaa. Mzee Andrea amesema haifai mke wa mtu kukaa kwa mwinjilisti kama mzigo uliosahauliwa stesheni, usharika umjengee nyumba yake. Wote wakaunga mkono. Isaka akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mughwai, Mnyaturu mmoja mkavu asiyeingia kanisani wala msikitini, akamwombea kiwanja. Mzee Mughwai akasema kipo kimoja, mwisho wa safu, karibu na kichuguu. Lakini mvua ikianza na nyumba haijapata paa, anampa mwingine, maana ziko kaya zinazosubiri.

Isaka alirudi anaimba. Nami nilimwitikia ule wimbo. Nilikuwa nimempakata Lea, na nilipofika ubeti wa pili nikagundua sina furaha.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wanaume wa usharika wamekata nguzo na boriti. Kuta za miti zimesimama. Wamefanya kazi vizuri mpaka jua lilipokuwa kali, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo waliokuja ni Isaka, Mzee Andrea na mtu mmoja mwenye mguu mbaya.

Niandike hapa jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, maana wazungu walioleta kanisa hawakulijua, na sisi tunajifanya tumelisahau. Tembe halijengwi kama nyumba nyingine. Kuta unaweza kuzikandika polepole, hata mwezi. Paa haliwezi. Juu ya fito unaweka majani, juu ya majani tope, juu ya tope udongo mkavu wa kichuguu, na kazi hiyo yote inataka kuisha siku moja. Tope la leo likikauka kabla ya kukutana na tope la kesho, panakuwa na ufa, na mvua hupita hapo hapo. Kwa hiyo siku ya paa inataka watu wengi, wanawake wa kubeba udongo na wanaume wa kuushindilia, na tangu zamani watu hao huitwa kwa pombe ya mtama. Mtu haiti watu wa paa kwa mdomo mtupu.

Kanisa letu halitaki pombe. Sisi tuliobatizwa tuliezekewa na ndugu zetu wasiobatizwa, na pombe ilipikwa ng'ambo ya uzio, kila mtu akatazama pembeni. Damari hana ndugu wa ng'ambo ya uzio.

Mama Mathayo amesema, "Udongo haupandi paani kwa tenzi, Mama Mwinjilisti." Na mwaka wenyewe ni huu wa njaa.

Jumanne, 29 Oktoba

Kisimani mwanamke mgeni alimwona Lea mgongoni kwangu akaniambia, "Mama mtoto, pita mbele, mwanao anachomwa na jua." Nikapita mbele. Sikumsahihisha. Nimetembea na neno hilo mpaka nyumbani, nikaliweka chini taratibu pamoja na ndoo.

Jumamosi, 2 Novemba

Isaka amepata wazo. "Tuwaite kwa togwa," amesema. "Togwa si pombe. Tamu, inashibisha, na mwaka huu wa njaa mtu atatembea mbali kwa bakuli la togwa. Mtama si tunao?"

Tunao. Ni ule niliouficha chini ya mbegu wakati wa kuhama.

"Kimea je?" akauliza.

Nikamwambia kimea bado, mtama uliolowekwa haujaota vizuri, anipe wiki. Akasema sawa, mpishi ni wewe. Akaenda zake kutembelea wagonjwa, mtu wa watu, bila hata kufunua kile kikapu. Kimea kimo kikapuni, kimekauka, kinasubiri kusagwa. Nimekaa nikikitazama. Lea alikuwa amelala miguuni pangu, jasho limemtoka shingoni.

Alhamisi, 7 Novemba

Lea anajivuta kusimama kwa kushika kinu. Akishasimama anatutazama atuone kama tumeona. Tukipiga makofi anaachia mikono apige na yeye, anaanguka.

Jumamosi, 9 Novemba

Isaka: "Kimea?" Mimi: "Bado."

Jumapili, 10 Novemba

Tulikuwa tunapeta, mimi na Damari, Isaka hayupo. Nikamwambia kwa nini ahangaike na nyumba mwisho wa safu, huko fisi wanapita, mwanamke mmoja na mtoto. Hapa chumba kipo. Mtoto amezoea.

Akapeta kidogo. Kisha akasema, "Mama, mimi nataka moto wangu."

"Moto si huu hapa? Nani amekukataza moto?"

"Hakuna aliyenikataza. Ni moto wako, mama, mimi naupikia. Tangu lori lile sijawahi kuamka nikachochea moto ambao ukizimika ni mimi umenizimikia."

Niliumia. Nilitaka kumwambia, na mimi je? Wewe unalilia mafiga matatu, na utayapata siku yoyote, mawe yamejaa Iramba yote. Mimi ninacholilia nimekililia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, nimekwenda hospitali ya misheni Kiomboi, nimekunywa mizizi ambayo mke wa mwinjilisti hapaswi kuijua, na hadi sasa naitwa kwa kazi ya mume. Sikumwambia. Nilisema mtama huu una mchanga mwingi.

Baadaye kidogo akaniuliza, bila kuniangalia, "Kimea cha mtama huku kwenu hukaa siku nyingi hivi?"

Nikasema inategemea na mtama.

Jumatano, 13 Novemba

Upepo. Vumbi mpaka ndani ya chumvi.

Jumamosi, 16 Novemba

Mawingu ya kwanza upande wa Sekenke. Mzee Mughwai amekuja mwenyewe, fimbo kwapani. Hakukaa.

"Mwinjilisti, mimi si mtu wa maneno mengi. Watu wa kamati wananiuliza juu ya kile kiwanja. Kuna mzee ana watoto wengi analala kwenye ghala la mahindi. Nikiona tone la kweli, nampa."

Isaka akamjibu, "Tunasubiri kimea tu, mzee."

Mzee Mughwai akageuka akanitazama. Wanyaturu wanajua mtama kuliko sisi. Akaaga.

Jumatatu, 18 Novemba

Niandike yote ya leo, hata yale yasiyonipendeza.

Mchana ulikuwa na joto la kuchemsha. Damari alitoka asubuhi na jembe, akasema anakwenda shambani, na alimbeba Lea, jambo ambalo siku hizi hafanyi, maana huniachia. Sikupenda. Nilizunguka uani nikitafuta cha kushika. Saa za alasiri mvua ikashuka, si kubwa, ile ya kuonjesha, lakini na upepo. Nikachukua kanga nikaenda kumpokea mtoto shambani. Hawakuwapo. Mtu akaniambia nitazame mwisho wa safu.

Nikamkuta kwenye ile nyumba isiyo na paa. Kumbe siku zote hizi akisema shamba alikuwa anakuja hapo kukandika kuta peke yake, akichimba udongo wa kichuguu, akikanyaga tope kwa miguu yake. Alikuwa amemaliza kuta tatu. Nilikuwa sijatia mguu hapo tangu wanaume walipoondoka, kwa sababu sikutaka kuiona ikiinuka. Mvua ilikuwa imemwagikia kuta mbichi na ule wa upande wa magharibi ulikuwa unateremka, tope linaachia fito vipande vipande. Naye alikuwa anauzuia. Amejibandika ukutani, mikono ametandaza, mtoto mgongoni analia, na tope linamshukia kichwani.

Nikamwita, "Damari, toka hapo! Mtoto atapata homa!"

Akageuka. Nilidhani atalia au atanitukana. Alisema tu, "Mama, nisaidie upande ule."

Nikaenda upande ule. Tulisimama hivyo, mimi na yeye, mabega yetu yakisukuma ukuta, mpaka mvua ilipokatika. Kipande kimoja kilianguka hata hivyo. Kingine kilibaki.

Njiani kurudi alinipa Lea nimbebe, kwa hiari yake, maana aliona natetemeka. Mtoto akanishika sikio, akanyamaza. Nilimpenda kiasi kwamba ningeweza kukaa chini pale njiani. Na nilijua vizuri, kama ninavyojua jina langu, kwamba nimemwibia mama yake. Nimemwibia wiki mbili na nusu za jua kavu. Nilimkaribisha mgeni, kisha nikamfungia mlango kwa nje, na mlango wenyewe nikauita huruma. Tena kwa kikapu cha kimea!

Nilipofika nikaanza kusaga. Isaka akaingia akaniona, akafunua kile kikapu, akachukua punje, akaitafuna. Alitafuna muda mrefu.

"Kimekauka siku nyingi," akasema.

"Ndiyo."

"Yunisi."

"Niache nisage, Isaka. Utanihubiria kesho."

Hakunihubiria. Alivua koti, akakaa upande wa pili, akaanza kupepeta. Mwanamume mzima, mwinjilisti, anapepeta, na anamwaga nusu.

Jumatano, 20 Novemba

Togwa imejaa mitungi yote niliyo nayo na mingine ya Mama Mathayo. Imeonjwa, ni tamu. Watu wameitwa kesho. Hata wa kijiji cha ng'ambo wamesikia.

Alhamisi, 21 Novemba

Usiku wa kuamkia leo amefariki yule mzee mwenye watoto wengi aliyekuwa akisubiri kiwanja. Kijiji kina msiba, na kwenye msiba hakuna anayeshika jembe wala udongo, ila wa kaburi. Nimekwenda kulia na wenzangu. Nimemlilia kweli. Amekufa hana nyumba, amelazwa nje chini ya turubai la kijiji, na kama ningesaga mapema Damari angekuwa kwake na huyu labda angepata kile chumba chetu. Sijui kama Mungu hupiga hesabu za namna hiyo. Mimi zimenijia zenyewe.

Ijumaa, 22 Novemba

Bado msiba, tanga linaanuliwa leo jioni. Nimefunua mitungi. Inaongea, povu linapanda.

Mtu yeyote aliyekulia Iramba anajua togwa ikianza kuongea inakuwa nini. Nikakaa nayo. Kuimwaga mwaka huu, watoto wanapokula mizizi, ni dhambi. Kupika nyingine, mtama hakuna. Kuahirisha, mawingu yamefika Kiomboi. Nikafunika mitungi nikaenda kuwaambia watu kazi ni kesho. Sikumwambia Isaka, kwa kuwa angelazimika kuchagua, na mimi nilishachagua.

Jumamosi, 23 Novemba

Walikuja! Walikuja hata watu ambao sikuwajua. Wanawake wa kubeba udongo walipanga mstari kutoka kichuguuni, vikapu vinapita kichwa kwa kichwa. Damari alikuwa kwenye tope, anakanyaga, sketi amekunja. Mzee Mughwai alipanda juu mwenyewe na fimbo yake, anaelekeza. Wafiwa pia walikuja, wale watoto wa marehemu, nikawapa wale wadogo mabakuli ya kwanza, ambayo nilikuwa nimeyachanganya na uji mtupu.

Mzee Mughwai alipopewa bakuli alikunywa funda moja, akalishika mdomoni, akanitazama juu ya ukingo wa bakuli. Kisha akameza.

"Mama Mwinjilisti," akasema, "togwa yako imekua ikawa na akili zake."

"Kunywa, mzee, kazi ni nyingi."

Akanywa. Watu wakanywa. Nyimbo zikaanza, mwanzoni za kanisa, baadaye zile za mababu za kushindilia paa, miguu inapiga kwa pamoja, na hata boriti zilionekana kufurahi. Mzee Andrea alikunywa la kwanza akasema, ni nzito. Akanywa la pili akasema, ni nzito sana. Alipomaliza la tatu akafuta ndevu, akasimama, akatangaza kwa sauti kwamba hii ni pombe. Watu wakacheka mpaka mmoja akateleza na kikapu. Akakaa tena, ameudhika, na kwa kweli hakuweza kusimama haraka.

Isaka alionja. Aliliweka bakuli chini likiwa limejaa, akapanda paani, akashindilia kuliko wote. Jua lilipoanza kushuka paa lilikuwa limekwisha, pana, jekundu, halina ufa hata mmoja.

Jumapili, 24 Novemba

Damari amehama baada ya ibada. Mkeka, chungu nilichompa, jembe, mtoto. Alikoka moto wake. Mimi nilitoa kijinga cha moto jikoni kwangu, nikampelekea, kama mama anavyompelekea binti yake. Akakipokea kwa mikono miwili akapiga magoti. Nikarudi peke yangu.

Alasiri mvua kubwa imenyesha. Nilisimama mlangoni nikitazama mwisho wa safu. Paa halikuonyesha kitu. Moshi ulikuwa unatoka.

Nyumba yetu ni kubwa mno.

Jumapili, 1 Desemba

Wazee wamekaa kikao juu yangu. Mzee Andrea aliuliza, kwa heshima, "Mama Mwinjilisti, ulijua imechacha?" Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nikasema nilijua. Wamenifungia Meza ya Bwana mpaka Pasaka. Aliyelazimika kutangaza kanisani ni Isaka. Alisoma jina langu lote, na sauti ikamkatika kidogo kwenye jina la baba yake, ambalo ndilo la mwisho kati ya majina yangu.

Nyumbani nikamwambia, "Umefanya kazi yako."

Akasema, "Yunisi, mimi nilihubiri juu ya mgeni, wewe umempa nyumba, na aliyefungiwa ni wewe. Hilo nitamuuliza Mungu."

Sikumwambia kwamba nilichostahili kufungiwa hasa ni kile kikapu cha kimea. Anajua. Na hakukitaja kwa wazee.

Ijumaa, 6 Desemba

Tunapanda. Mvua nzuri. Damari yuko shambani kwake alfajiri hadi jioni, Lea mgongoni kwake.

Jumatano, 11 Desemba

Tunapanda.

Jumapili, 15 Desemba

Damari alipita kusalimia. Lea alinitazama kama hakimu tena, akaficha uso kwa mama yake. Mama Mathayo akasema ni kawaida, watoto husahau upesi, na kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alipotambua amesema nini alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Nikamwambia aketi, nikamkaribisha mahindi mabichi ya watu wa bondeni. Lakini limeingia, na mpaka sasa naandika limo ndani.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wenzangu wote walikwenda mezani, mimi nilibaki kwenye benchi nikishika makoti yao. Nilimwombea mtoto aliyezaliwa mahali pa kuazima. Nilijiombea na mimi. Nilisema, Bwana, sikuombi tena wa tumboni, umeshanisikia vya kutosha. Naomba tu nisiwe mtu wa pembeni katika maisha ya huyu mmoja. Naona haya kuliandika, lakini ndilo nililoomba.

Ijumaa, 3 Januari 1975

Palizi. Mgongo.

Ijumaa, 10 Januari

Mama Mathayo ameingia na habari kabla ya salamu. "Eh, yule mtoto wako anatembea! Tangu Jumanne! Anatoka mlangoni mpaka kichuguuni kama mkaguzi wa shule!"

Nikasema Mungu ni mwema. Nikampa chumvi aliyokuja kuazima, akaenda. Halafu nikaingia ndani nikalia, bila kusingizia moshi. Alijifunza kusimama kwenye kinu changu. Nilimpigia makofi, nilimwokota kila alipoanguka. Nami sikuwepo. Najua nyumba ile ni njema, najua nilibeba udongo wake kwa kichwa changu, na ningeubeba tena. Ila nilitamani niwepo. Ni hilo tu nililolitamani miezi yote hii, kuwepo kitu kikianza.

Jumapili, 12 Januari

Baada ya ibada nilikuwa uani natwanga. Hodi. Damari, amevaa gauni safi, Lea kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Habari za shamba?"

"Nzuri. Mama, nimekuletea huyu mvivu." Akamshika Lea chini ya makwapa. "Watoto wa rika lake wote wanatembea, yeye hataki hata hatua. Nikasema nimlete kwa mama yake wa kwenye kinu, labda atamsikiliza."

Nikamtazama Damari usoni. Uso wake haukutikisika. Huyu ni binti aliyesimama mbele ya baba mkwe na kamati nzima bila kudanganya neno moja lililoweza kumpatia mahali pa kulala.

"Hajatembea kabisa?" nikauliza.

"Kabisa, mama. Ndiyo kwanza."

Akamsimamisha kwenye kinu. Nikaweka mchi chini, nikachuchumaa, nikanyoosha mikono. Lea alitutazama kwa zamu, mama yake, kisha mimi. Akaachia kinu. Akaja. Hakuyumba hata kidogo, mtoto mwenye mazoezi ya siku kadhaa, akatembea uani kwangu mpaka akajibwaga kifuani pangu na kunishika sikio.

"Eh! Mama, ameanza!" Damari akapiga kofi. "Ameanza kwako!"

Nikapiga vigelegele. Nikapiga mpaka Mama Mathayo akachungulia juu ya uzio kuuliza kuna nini. Damari akamwambia, "Lea ametembea, leo hii, hatua ya kwanza!" Nikaona mdomo wa Mama Mathayo unafunguka, na habari yake ya Jumanne iko tayari kutoka. Nikamkazia macho. Akanitazama, akamtazama Damari, akamtazama mtoto kifuani pangu. Akaufunga mdomo. Kisha akaufungua tena, na yeye akapiga vigelegele.